Mchezo Uliosema Kiswahili

Tulipomzika Amani, wanaume wa rika langu waliishia kubishana juu ya mchezo wa video. Kwetu hilo halishangazi. Kwenye kilio watu hulia kwanza, kisha huanza kukumbuka, na mwishowe kumbukumbu zenyewe zinageuka ubishi. Walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema, uani kwa shemeji yake pale Kasenga, mtaa wetu wa Uvira, na mimi nilikuwa nyuma yao pamoja na akina mama, sahani ya wali na maharage magotini. Mmoja wao, fundi wa pikipiki ambaye sasa ana upara na kitambi, alisema kwamba katika michezo yote Amani aliyotuwekea enzi zile, hakuna uliofikia ule wa dada na mdogo wake waliokuwa wanajificha. "Na ilikuwa inaongea Kiswahili," akasema. "Kiswahili ya hapa hapa." Mwenzake akacheka. "Muchezo ya Wazungu iongee Kiswahili ya Uvira? Weye ulikuwa unalota." Fundi akaapa kwa marehemu, akaanza kuyarudia maneno ya yule msichana moja baada ya jingine, na wengine wawili wakadakia na kuyamalizia. Kisha wakageuka kutafuta shahidi, wakaniona, wasinitambue. "Dada, weye ni wa hapa? Ulifikaka kwa salle ya Amani?" Nikasema nilifika kwenye kile chumba cha michezo. "Basi ambia huyu. Iliongeaka Kiswahili, ao haikuongea?" Nikasema iliongea. Fundi akajipiga kofi gotini kwa ushindi, na mimi nikaendelea kula maharage yangu.

Kiswahili kile kilikuwa changu. Mchezo wenyewe ulisema lugha ya nchi fulani ya baridi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua, na chini ya picha yalipita maandishi ya Kifaransa, meupe, ya mbio. Karibu mwaka mzima nilisimama kando ya ile televisheni nikiyageuza kwa sauti, watu wakisikiliza. Sikuyasema hayo pale kwenye kilio. Msiba haukuwa wangu wa kujitangazia, na tena, kuna raha fulani ya ajabu katika kusikia maneno yako yanatembea bila wewe. Kuna maumivu pia, sitaficha. Leo kutafsiri ndiyo kazi inayonilisha, nimeketi kwenye mikutano mingi kati ya watu wasioelewana, na nikiulizwa nilisomea wapi nataja chuo. Sijawahi kutaja chumba kilichokuwa nyuma ya duka la vitenge.

Mwaka ninaousema ni ule niliomaliza sekondari na kubaki nikingoja diplome. Mambo ya kwetu, nani alikuwa wapi na kwa nini, nayaacha. Yana sura yake kwingine kitabuni. Inatosha kusema kwamba nilibaki Uvira peke yangu, katika chumba cha kupanga kwa Mama Zawadi, mjane kutoka Makobola aliyekuwa anauza ndagala, wale dagaa wa ziwa. Chumba kilikuwa na sakafu ya saruji nusu. Nusu nyingine ilikuwa udongo, kwa sababu saruji ilimwishia fundi na hakurudi tena. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ningeweza kuutia mkono. Asubuhi jua lilitoka ng'ambo, upande wa Burundi, likapita juu ya ziwa na kuingia kila nyumba ila yangu. Alasiri lilijificha mapema nyuma ya milima, na mji mzima ukabaki kivulini huku anga ikiwa bado nyeupe. Saa hiyo ndiyo niliichukia. Ndiyo saa ambayo kila ua ulianza kutoa moshi wa makaa, na majina ya watoto yakaanza kuitwa, moja moja, waje wale.

Nilijipikia. Mtu ambaye hajapika bugali wa mtu mmoja hajui ninachosema. Maji kidogo, unga kidogo, sufuria ndogo, mwiko unagonga ukuta wa sufuria badala ya kusonga, na kinachotoka ni kitu kigumu nje na kibichi ndani. Nilikula na mboga za lengalenga, au ndagala ambazo Mama Zawadi alinigawia zikiwa zimevunjika, huku nikisikiliza upande wa pili wa ukuta, ambako waliishi mume na mke wasiochoka kugombana juu ya chumvi. Mume alisema imezidi, mke alisema ulimi wake ndio umezidi. Nilijua ugomvi wao wote, nilijua nani angeanza kucheka, na wakicheka nilicheka pia, kwa sauti ndogo, wasijue kwamba wako watatu. Marafiki zangu wa shule walikuwa wameshatawanyika. Wengine Bukavu, wengine ng'ambo, wengine wameolewa. Kulikuwa na wiki ambazo sikusikia jina langu kabisa. Mama Zawadi aliniita "mutoto ya nyumba ya nyuma," na aliniita hivyo kwa wema.

Kwa Baba Ramazani nilikwenda kuchajisha simu. Alikuwa mfanyabiashara wa zamani pale mjini, mtu wa kanzu safi na hesabu za kichwani. Mbele aliuza vitenge, nyuma alikuwa na chumba cha michezo. Mlango ulikuwa pazia. Ndani kulikuwa na mabenchi yaliyonunuliwa kutoka kanisa lililojenga mapya, televisheni kubwa yenye doa la kijani kwenye pembe moja, na dirisha lililozibwa kwa kitenge cha buluu ili jua lisiharibu picha. Harufu ilikuwa ya petroli ya jenereta na nguo mpya. Mwendeshaji alikuwa Amani, kijana mwembamba wa umri wangu, mpole, mwenye tabia ya kutikisa kichwa kabla ya kujibu swali lolote, hata kama jibu lilikuwa ndiyo. Siku ile alikuwa peke yake, anajaribu mchezo mpya. Baba Ramazani alikuwa ameuleta kutoka Bujumbura akidhani ni wa mpira. Muuzaji alikuwa ameuweka kwenye kasha lisilo lake. Kwenye kioo msichana na mvulana walikuwa wamechutama nyuma ya ukuta, askari wanapita, na maandishi yanakimbia chini. Amani aliyafuata kwa kidole, midomo inasogea, na kabla hajafika katikati yakapotea. Bila kukusudia nikasoma kwa sauti, kwa Kiswahili: "Ngoja wapite. Usihesabu kwa mdomo, hesabu moyoni." Amani akageuka. Akatikisa kichwa. "Soma tena," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Mchezo ulikuwa wa kujificha, basi. Mji umetekwa na askari, dada anamtoa mdogo wake kwenda kwenye bandari iliyo mbali, na anayeshika vidude vya kuchezea hapigani na mtu. Anatambaa, anasubiri, anavuka barabara askari akigeuka. Akionekana, anarudi mwanzo. Wazungu waliwapa wale watoto majina ambayo hayakai kinywani, kwa hiyo salle ikawaita Yaya, yaani dada mkubwa, na Mudogo. Mimi nikaitwa Sutitre, yaani yale maandishi ya chini ya picha. Mchezo nao ukapata jina lake la Kasenga. Uliitwa Nyamaza, kwa sababu ndilo neno ambalo Yaya alilisema kuliko yote. Mudogo alikuwa mtoto wa kulialia, na kila alipoanza, Yaya alimgeukia, na mimi nikasema: nyamaza.

Sijawahi kukutana na wakosoaji wakali kama wale wa mabenchi ya Baba Ramazani. Walisema askari wa mchezo ni wajinga, wanazunguka njia moja ileile kama ng'ombe wa kisimani. Walisema hawajaona askari wa kizuizi ambaye haombi mtu chochote, hata sigara. "Hii imetungwa na muntu hajapitaka kizuizi," alisema mmoja, na wote wakakubali. Walisema Yaya angevua viatu mapema. Theluji iliwasumbua, mtu mmoja aliamini kabisa ni unga wa muhogo, akauliza kwa nini watu wenye njaa hawaukingi. Na njaa yenyewe ndiyo iliyokuwa lawama yao kubwa. Wale watoto walitembea na kutembea, wakalala kwenye maghala, wakavuka mto, na hakuna aliyepika. "Wanakula nini?" fundi wa pikipiki, wakati huo akiwa na nywele, aliuliza kila siku. "Sutitre, uliza Yaya, wanakula nini?" Nikamjibu Yaya hajasema. "Basi muongezee mustari. Seme wamekula mihogo." Siku moja nikaongeza. Yaya aliinama kumfunga Mudogo kamba za viatu, kimya, bila maandishi yoyote, na mimi nikasema, "Shika hii mihogo, kula polepole." Chumba kizima kilishusha pumzi.

Nilikuwa na mahali. Sijui kusema kwa namna nyingine. Nilipoingia, mtu alisogea, nilipochelewa, waliuliza. Nyumbani nilianza kufanya mazoezi ya mistari, nikitafuta neno linaloingia kinywani kwa wakati, kabla maandishi hayajapotea. Jioni moja nikamsikia Mama Zawadi uani akiongea na dada yake aliyemtembelea, walipokuwa wakichambua ndagala. "Ule mutoto ya nyuma, iko anaongea na nani?" dada aliuliza. "Peke yake," Mama Zawadi akasema. "Kila siku?" "Kila siku. Sasa hivi iko anaambia muntu asilie." "Apate bwana," dada akasema, "ao apate kazi." Niliziba mdomo kwa kanga nisicheke, kisha nikagundua kwamba sicheki.

Tatizo lilikuwa mpira. Vijana waliopenda mpira walikuwa wengi na wenye kelele, na mchezo wao ulikuwa umezeeka. Wachezaji waliokuwa ndani yake walikuwa wameshahama timu zao za kweli. Baba Ramazani alipata habari kwamba muuzaji wa Bujumbura yuko tayari kuuchukua Nyamaza na kutoa mpya wa mpira badala yake, kwa kuwa kosa la kasha lilikuwa lake. Aliingia siku hiyo, akasimama mbele ya kioo na kanzu yake, akatuzibia picha. "Nitaenda Buja nyuma ya sikukuu," akasema. "Kama hii kitu ni ya sifa, inabakia. Kama si ya sifa, ninairudisha. Minye siuze kitu sijui sifa yake." Akamtuma Amani kwenye nyumba ya intaneti karibu na soko, atafute wanaoujua mchezo ule huko Ulaya wanasema nini. Watu wa mpira wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje, nikasimama kwenye vumbi la barabara nikitazama pikipiki zikipita. Nilijua vizuri kilichokuwa kinaamuliwa. Mpira hauna maandishi. Mchezo ukirudi Bujumbura, mimi narudi kwenye ukuta wa jirani.

Amani alirudi na karatasi chache, na kwa bahati mbaya yangu aliyezisoma hakuwa mimi. Alikuwa Deo, mwanafunzi wa Kifaransa pale chuoni, mtu wa mpira, mwenye tai hata siku za joto. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu kuwa sahihi mbele ya watu. Chumba kilikuwa kimejaa, jenereta inanguruma nje, na Baba Ramazani amekaa upande wa duka akiwa ameinua pazia ili asikie. Deo alisoma kimya kwanza, akitabasamu, kisha akaanza kutueleza. Waandishi wa Paris, alisema, wamesifu picha, wamesifu muziki. Lakini wanalalamika kwamba mchezo unakwenda polepole mno. Tukasema sawa. Wanalalamika askari ni wajinga. Tukashangilia, maana hata Paris walikuwa wameliona hilo. "Na Yaya hawamupendi," Deo akasema. "Wanasema iko na roho baridi. Njia yote anamugombeza mutoto, hamubembeleze hata siku moja. Wanasema ni vigumu kulia juu yake."

Kelele iliyofuata siwezi kuiandika. Roho baridi, Yaya? Yule anayembembeleza mtoto tangu mwanzo mpaka mwisho? Fundi wa pikipiki alisimama juu ya benchi. "Hao batu walicheza muchezo ingine!" Deo akangoja watulie, akainua mkono kama mwalimu. "Walicheza hii hii," akasema. "Lakini walisoma yenye kuandikwa. Yaya hasemake nyamaza. Anasemaka tais-toi. Na tais-toi si nyamaza, bandugu. Nyamaza unaambia muntu mwenye kulia kwa kilio. Tais-toi ni funga kinywa." Akanigeukia. "Sutitre njo anatudanganya. Yaya tunayemupenda ni yake, si ya muchezo."

Watu wakanitazama. Nimesimama mbele ya mawaziri tangu wakati ule, na mbele ya watu wenye silaha, na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Kwa sababu Deo alikuwa sahihi. Neno la Kifaransa lilikuwa kali. Nilikuwa nimeliona kali tangu siku ya kwanza, na kila lilipotokea kinywa changu kilisema nyamaza bila kuniuliza, na sikuona kingine cha kusema. Nikamwuliza kitu ambacho sikukipanga. "Deo, weye ulikimbiaka vita?"

"Nani hapa hakukimbia?"

"Mulijificha?"

"Kwa miwa. Upande wa Kiliba." Tabasamu lilikuwa bado limebaki kidogo.

"Ulilia?"

"Nilikuwa mutoto."

"Mama yako alikuambia nini?"

Deo akazikunja zile karatasi mara mbili, akazikunja tena. Jenereta ilikuwa inanguruma. "Hakusema kitu," akajibu. "Aliniwekea mukono kwa kinywa. Ilikuwa inanuka kitunguu." Akatafuta pa kukaa, mtu akampisha. "Alikuwa anakata kitunguu wakati tulianza kukimbia."

Nikamwuliza: "Ule mukono ulikuwa unasema tais-toi, ao ulikuwa unasema nyamaza?"

Alifikiri kweli, mwenye tai yake. Namheshimu hadi leo kwa jinsi alivyofikiri. "Yote mbili," akasema. Halafu akaongeza: "Lakini acha nyamaza. Nyamaza inabeba yote mbili. Ile ya Kifaransa inabeba moja tu."

Hakuna aliyewasha mchezo tena siku ile. Mmoja alieleza walivyojificha kwenye mfereji na bibi yake aliyekuwa anakohoa. Mwingine, aliyetoka Mulenge, alieleza kwamba kwao kazi ilikuwa kuwanyamazisha ng'ombe, na watu wakacheka, na yeye akacheka, akasema lakini ni kweli, babake aliimba chinichini ndama walale. Amani alisema kwamba kwao walipewa sukari, kipande kila mtoto, kukiweka ulimini, na kwamba mpaka leo akila sukari tupu anasikia kukojoa. Walisema maneno waliyoambiwa, kila mtu na lugha yake, Kifuliiru, Kirundi, na wakanigeukia kuniuliza kama Yaya angeweza kusema hili au lile. Mwishoni Baba Ramazani akaingia, akazichukua zile karatasi kutoka mkononi mwa Deo, akazitazama bila miwani. "Paris wanasema mubaya," akasema. "Kasenga munasema muzuri. Sasa minye ninafanya biashara na nani, na Paris ao na Kasenga?" Mchezo ukabaki. Hata watu wa mpira walipiga makofi. Fundi wa pikipiki alininunulia bitumbura, vitumbua vya kwetu, vya moto kwa mama wa mlangoni, nikavila vyote nikiwa nimesimama, watu wananizunguka wananipiga mabegani, na nilipofika nyumbani sikupika.

Ingefaa niishie hapo, kama ningekuwa natunga. Baada ya ushindi ule salle ilijaa kuliko zamani. Watu walikuja hata kutoka upande wa bandari kuutazama mchezo ambao Paris hawakuuelewa. Mimi nikashikwa na malaria. Nililala kwenye nusu ya saruji, kwa sababu ilikuwa baridi na mwili wangu ulikuwa moto, na Mama Zawadi aliniletea uji, akalisukuma bakuli mlangoni kwa mguu, mikono yake ikiwa bado inanuka samaki. Nilisikiliza mume na mke wa jirani wakigombana juu ya chumvi, na niliwaza jambo moja tu: wale watu wanafanyaje bila mimi? Niliwaona wakikaa mbele ya picha bubu. Nilipoweza kusimama nilikwenda, nikipumzika kwenye kila ukuta wenye kivuli.

Nilisikia kabla ya kufika. Nilipoinua pazia, chumba kilikuwa kimejaa mpaka ukutani, Amani ameshika vidude, na watu wote walikuwa wanasema mistari. Wote, kwa pamoja, kama watu wanaoitikia kanisani. Walikuwa wanasema maneno yangu, wakivuta na ile pumzi niliyozoea kuvuta kabla ya neno gumu, na ile mihogo hawakuiacha. Kulikuwa na mstari mmoja ambao sikuwahi kuupata vizuri. Mudogo anauliza kama bandari iko karibu, na Yaya anajibu sentensi ndefu ya Kifaransa ambayo mimi niliigeuza kuwa "hatuko tena mbali sana," maneno ya mtu wa ofisini, nikaona haya kila mara. Nikangoja pale mlangoni wafike na wakwame. Mudogo akauliza. Chumba kizima kikamjibu, kwa upole, bila kufikiri: "Bado kidogo." Ilikuwa bora kuliko yangu. Ilikuwa sahihi kabisa. Hakuna aliyekuwa amegeuka kutazama mlangoni.

Nikashusha pazia, nikaondoka. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na furaha, kweli, na nilikuwa mpweke kuliko siku yoyote ya mwaka ule, na sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Nilikuwa nimeshalipita duka Amani aliponifikia, amekimbia na viatu vimekanyagwa visigino. "Sutitre! Unaenda wapi?" Nikamwambia nyumbani. "Juu ya nini? Tulikuwa tunakungojea." Nikamwuliza, na niliuliza kwa ubaya kidogo, walikuwa wananingojea kwa kazi gani. Amani hakuwa mtu wa kusema uongo. Akatikisa kichwa, akafungua kinywa, akatafuta. Nilimwona akitafuta, amesimama juani, na akakosa. Hapakuwa na kazi.

"Kuja tu," akasema.

Nilirudi naye. Walisogea kwenye benchi la katikati, nikaketi kati ya fundi wa pikipiki na mtu nisiyemjua, magoti yetu yakigusana, na Amani akashika tena vidude. Walikuwa wamefika mwisho, bandarini, ambapo Yaya anamwingiza Mudogo kwenye mashua na kumfunika turubai. Nilikuwa nimeutafsiri mwisho ule mara nyingi mno. Lakini mtu anayesoma maandishi anatazama chini ya kioo. Macho hayana nafasi ya kupanda. Siku ile sikuwa na kitu cha kusoma. Watu waliyasema yote, na mimi nikainua macho, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wa Yaya. Nilikuwa nimemtetea mbele ya chumba kizima na sikuwa nimewahi kumtazama. Hakuwa na roho baridi, na hakuwa mpole pia. Alikuwa msichana wa umri wangu, na alikuwa anaogopa sana. Alikuwa ameogopa njia nzima, na katika mchezo wote, tangu ukuta wa kwanza, hakuna mtu hata mmoja aliyemgeukia yeye akamwambia kitu. Nilianza kulia, mchana kweupe, kwa kwikwi, na sikuziba mdomo.